Jinsi ya kuitembea Bilbao kwa kuufuata mto wake mpaka baharini (siku moja inatosha)

Wadau, kila nikiona mtu kapost picha za Bilbao ni lile jumba la makumbusho la Guggenheim tu. Kafika asubuhi na basi, kapiga picha na yule mbwa mkubwa wa maua, jioni kaondoka, alafu anasimulia kwamba lilikuwa jiji lililochoka, wakajenga makumbusho moja likapona. Sio kweli, na inaniuma kwa sababu hadithi yenyewe ni kubwa kuliko hiyo na yote iko wazi kando ya mto, unaisoma kwa miguu yako mwenyewe bila kumlipa mtu. Kwahiyo huu hapa ni mwongozo wa kuanzia mji wa kale mpaka pale mto unapoingia baharini, ni kama kilomita 14 hivi, nyingine kwa miguu nyingine kwa treni, ukiamka mapema unamaliza siku hiyohiyo.

Kwanza uelewe unatembea wapi, maana bila hivyo utaona majengo tu. Bilbao iko kaskazini mwa Hispania, kwenye nchi ya Wabaski, jimbo la Bizkaia, mji umeanzishwa mwaka 1300. Bahari iko mbali kidogo na mjini, lakini maji chumvi yanapanda na kushuka kwenye mto Nervión mpaka mji wa kale, kwahiyo miaka yote meli zilikuwa zinaingia hadi katikati ya mji kabisa. Alafu milima ya pale jirani ilikuwa imejaa mawe ya chuma yenye fosforasi kidogo sana, na karne ya 19 viwanda vya Uingereza vilipoanza kutengeneza chuma cha pua kwa njia mpya ya Bessemer vikawa vinayataka mawe ya aina hiyohiyo, basi meli zikawa zinaondoka na mawe zinarudi na makaa ya mawe, na wenye mji na wao wakawasha matanuri yao kando ya mto. Ukingo wa kushoto vikakaa viwanda na nyumba za wafanyakazi, ukingo wa kulia huko chini karibu na bahari wakajijengea matajiri. Hii ya kushoto na kulia uishike vizuri, itakusaidia siku nzima.

Vya kuandaa ni vichache. Kama una pasi ya Tanzania au Kenya unahitaji viza ya Schengen, hilo lifanye miezi kabla. Ukifika nunua kadi ya Barik kwenye mashine za stesheni ya metro, unaweka hela, unagonga kwenye metro, tramu, basi na mpaka kwenye lile daraja nitakalolisema mbele, nauli inakuwa nafuu kuliko kukata tiketi mojamoja. Koti la mvua usiache hata kama asubuhi jua linawaka, huku kuna manyunyu ambayo hayaishi, wenyeji wanayaita sirimiri na wanatembea nayo kama hayapo. Na angalia jedwali la kupwa na kujaa kwenye simu, siku za bamvua tofauti ya maji inazidi mita 4, maji yakipwa unaona matope na kuta za zamani za gati, yakijaa mto unapendeza kwa picha. Mimi napenda kuanza maji yakiwa yamepwa yanaanza kurudi, maana unaviona vyote viwili.

Anza Casco Viejo, huo ndio mji wa kale, mitaa 7 iliyobanana kuelekea mtoni. Shuka metro kituo cha Zazpi Kaleak/Casco Viejo kisha ujipoteze kidogo, ni padogo huwezi kupotea kweli. Kitu ambacho watu wengi wanakipita ni alama za mafuriko: tarehe 26 Agosti 1983, katikati ya sikukuu kubwa ya mji, mto ulifurika ukaingia madukani hapa, na kuna vibao ukutani vinavyoonyesha maji yalifika wapi. Tafuta kimoja usimame chini yake, utainua shingo. Nakwambia uangalie hilo mapema kwa sababu mwaka ule ndio mji ulikuwa unaangukiwa na kila kitu kwa pamoja, viwanda vinafungwa, watu hawana kazi, alafu na maji yakaja.

Chai ya asubuhi kunywa karibu na soko la Ribera, lile soko la 1929 lililo mtoni kabisa, ingia uone samaki. Kuhusu chakula niseme yote hapahapa. Vile vitafunwa vya kaunta wanaviita pintxos, unakula kimoja au viwili unahamia baa nyingine, sehemu nyingi unalipa mwishoni kwahiyo kumbuka ulichokula maana watakuuliza na watakuamini. Kama huli nguruwe kuwa makini, jamón ni paja la nguruwe, chorizo na txistorra ni soseji zake, na zile krokete nzuri za kukaanga mara nyingi zina jamón ndani hata kama huioni, kwahiyo uliza kabla. Salama yako ni samaki. Chukua gilda, ni kijiti kimechomwa zeituni, dagaa wa chumvi wa antxoa na pilipili ya kijani ya kusindika, unakitia mdomoni chote kwa mara moja. Na mchana ukipata bacalao al pil-pil usiache: ni samaki mkavu wa chumvi, ng'onda kabisa, wanamlowesha mpaka chumvi itoke, alafu wanampika taratibu kwenye mafuta ya zeituni na kitunguu saumu na pilipili huku wanalitikisa sufuria kwa kulizungusha, na ule ute wa ngozi unachanganyika na mafuta inakuwa rojo nzito bila unga wala maziwa. Ni vitu vinne tu lakini mpishi akikosea mkono rojo haishiki.

Ukivuka mto kutoka sokoni unaingia San Francisco, mtaa wenye Waafrika wengi, Wasenegali na Wamoroko, kuna maduka ya nyama halali na vyakula vya kwetu kiasi. Na juu yake, Miribilla, kulikuwa na migodi ya chuma, yani mawe yalikuwa yanachimbwa ndani ya jiji lenyewe, leo pamejaa maghorofa ya watu.

Sasa anza kushuka na mto. Kutoka soko pita ukumbi wa Arriaga wa 1890, fuata ukingo, vuka kwenye lile daraja jeupe la waenda kwa miguu, Zubizuri la msanifu Calatrava la 1997. Sakafu yake ilikuwa ya vioo na mvua ikinyesha watu walikuwa wanateleza wanaumia, ikabidi manispaa itandike zulia juu yake. Baada ya dakika chache unalikuta Guggenheim. Wala siwaambii msilipende, jamani ni zuri, zile bati za titaniumu zinabadilika rangi kila wingu likipita, zunguka nyuma upande wa mto ambako kuna yule buibui mkubwa wa mchongaji Louise Bourgeois, na ukitaka kuingia angalia siku maana Jumatatu mara nyingi linafungwa. Ila simama uwaze lilipojengwa, hapo palikuwa na ghala za bandari na makontena.

Na hapa ndipo nataka mnielewe. Jumba lilifunguliwa Oktoba 1997. Metro iliyosanifiwa na Norman Foster ilishaanza Novemba 1995. Shirika la Bilbao Ría 2000 lililokuwa linachukua ardhi za viwanda na reli na kuzipangia upya lilianza 1992. Na kabla ya yote hayo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kulikuwa na mpango mkubwa wa majitaka, maana mto ulikuwa mfereji wa kinyesi na kemikali, haukuwa na oksijeni, samaki hawakai. Wakachimba mabomba pande zote mbili, wakajenga mtambo mkubwa wa kusafisha huko Galindo chini, kazi ya miaka na miaka ambayo hakuna mtu anaipiga picha. Bandari nayo ikahamishiwa nje kwenye ghuba ili mto upumue. Kwahiyo mtu akikwambia jengo moja liliokoa jiji mpeleke ukingoni amwangalie yule mzee anayevua samaki pale, hao samaki hawakuletwa na titaniumu.

Endelea mbele kidogo. Bustani inayofuata inaitwa Campa de los Ingleses, uwanja wa Waingereza, mabaharia na wafanyakazi wa Kiingereza walikuwa wanachezea mpira hapo na vijana wa mji wakaona wakaupenda, Athletic Club ikaanzishwa 1898. Timu hii mpaka leo inachezesha Wabaski tu, waliozaliwa au waliokuzwa kimpira huko, na haijawahi kushuka daraja. Iñaki Williams kazaliwa hapahapa Bilbao, wazazi wake ni Waghana waliovuka Sahara, na mdogo wake Nico anacheza naye. Uwanja wao San Mamés uko dakika chache kutoka mtoni.

Shuka mpaka daraja la Euskalduna na hapa usiwe na haraka, hapa ndio moyo wa matembezi. Palikuwa na karakana kubwa ya kujenga meli, Euskalduna, na mwaka 1984 serikali ilipotaka kuifunga wafanyakazi walipambana na polisi wiki kwa wiki kwenye daraja la Deusto, na bado ikafungwa. Leo kuna ukumbi wa mikutano wa 1999 uliojengwa kwa chuma cha rangi ya kutu ili ufanane na meli iliyobaki haijakamilika, na pembeni yake makumbusho ya bahari, Itsasmuseum. Chelezo za zamani bado zipo, unashuka unazunguka ndani yake, na juu yako limesimama lile winchi jekundu wanaloliita Carola. Wenyeji wanasema limepewa jina la dada mmoja aliyekuwa anavuka mto kila siku kwenda kazini, mafundi wakawa wanaacha kazi kumwangalia. Hapo pia inakaa gabarra, tishari la kawaida kabisa la bandarini, ambalo Athletic ikichukua kombe wachezaji wanalipanda wanapandisha nalo mto mpaka mjini. Ilifanyika 1983 na 1984, alafu kimya miaka 40, mpaka Aprili 2024 walipoifunga Mallorca kwa penalti kwenye fainali ya Copa del Rey (Kombe la Mfalme), na pande zote za mto zikajaa watu, wazee wanalia wazi.

Kutoka hapo usiendelee kwa miguu, ni mbali. Rudi mjini stesheni ya Abando (tupia jicho lile dirisha kubwa la vioo vya rangi, lina wachimbaji na mafundi wa chuma) na upande treni ya juu ya ardhi ya kwenda Santurtzi, sio metro. Metro ni ya haraka lakini inapita chini ya ardhi, ile treni inapita kando ya mto ukingo wa kushoto na unaona kila kitu, kwahiyo kaa upande wa kulia. Ukifika Sestao utaliona tanuri kubwa lenye kutu, limebaki peke yake. Ndilo lililobaki la Altos Hornos de Vizcaya, kampuni ya 1902 iliyofungwa 1996, familia nzimanzima zilikula kutokana na tanuri lile, babu baba na mjukuu.

Shuka Portugalete. Daraja la Bizkaia la 1893, kazi ya Alberto de Palacio, la kwanza la aina yake duniani na tangu 2006 liko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Tatizo lao lilikuwa hili: watu wavuke lakini meli zenye milingoti mirefu zipite bila kuzuiwa, na ardhi ni tambarare huwezi kupandisha barabara. Basi wakasimamisha minara miwili ya chuma, wakaweka boriti mita 45 juu, na chini wakaning'iniza behewa kwa nyaya, linabeba watu na magari machache linateleza hewani juu ya maji kama dakika moja na nusu, meli ikija linasubiri. Ni kama pantoni ya Likoni iliyoning'inizwa hewani. Linafanya kazi mpaka leo, watu wanalipanda kwenda kazini na baiskeli zao, gonga Barik tu. Ukiwa huogopi urefu lipia kidogo upande lifti uvukie juu kwenye boriti kwa miguu, unaona kushoto na kulia ya mto kwa mara moja, maghorofa ya wafanyakazi huku na majumba ya kifahari kule, na mbele ghuba na winchi za bandari mpya.

Upande wa pili ni Las Arenas. Ukiwa na nguvu tembea ukingoni kuelekea Getxo uangalie yale majumba, ukichoka metro ya kurudi mjini iko kituo cha Areeta, karibu kabisa na daraja.

Ukiwa na siku ya pili nenda Gallarta, kwenye makumbusho ya migodi, uone shimo la Bodovalle. Kijiji cha zamani kilihamishwa chote kwa sababu chuma kilikuwa chini yake. Kama una nusu siku tu, basi ruka mji wa kale, anzia Itsasmuseum alafu panda treni moja kwa moja mpaka Portugalete, Guggenheim utaliona ukirudi jioni taa zikiwa zimewashwa.