Namna ya kufuatilia asili ya neno «meagre» kabla ya kulitafsiri

Mwanafunzi mmoja niliyekuwa nikimsaidia kutafsiri aliandika «mshahara mwembamba» mahali ambapo Kiingereza kilisema «meagre», yaani -dogo mno, -siotosha. Kosa lake lilikuwa na mantiki, kwa maana neno hilo lilianzia kweli kwenye mwili. Nilimpitisha katika hatua zifuatazo.

Hatua ya 1. Fungua kamusi ya kihistoria. Mimi hutumia Oxford English Dictionary na sipendekezi nyingine kwa kazi hii, kwa sababu hupanga maana kuanzia ile kongwe. Utaona kwamba neno lilisemwa kwanza juu ya mtu au mnyama aliyekonda, ndipo likahamia kwenye mlo, mavuno na ujira.

Hatua ya 2. Tafuta pia tahajia ya Kimarekani, «meager». Nomino «meagre» ni samaki, iache.

Hatua ya 3. Fuata ukoo wa neno, na hapa usiwe na haraka. Kiingereza kililipokea kutoka Kifaransa cha kale, ambako «maigre» lilitokana na neno la Kilatini «macer», yaani -liokonda. Mimi nilipoteza jioni nzima kwa sababu niliona Kijerumani na Kiholanzi vina «mager», tena Kiingereza cha kale kilikuwa na «mæger» yenye maana ileile, nikahitimisha kwamba neno limerithiwa moja kwa moja. Kumbe hayo ni mabinamu, si wazazi: Kilatini na lugha za ukoo wa Kijerumani zilichota katika shina moja la kale, lililozaa pia neno la Kigiriki «makros», -refu. Ushahidi umo katika sauti. Chukua «fæger» la Kiingereza cha kale: g yake ililainika ikawa kama y, hata leo tunasema «fair». «Mæger» lingepita njia hiyohiyo na kupoteza g yake, ilhali katika «meagre» g inasikika wazi, kama katika Kifaransa. Kwa hiyo usiridhike na mfanano wa herufi kabla ya kulinganisha neno na jingine lenye umbo kama lake.

Hatua ya 4. Chagua neno la Kiswahili kwa kuangalia kinachosifiwa. Kiumbe amekonda au amedhoofu; mavuno ni haba; ujira ni kiduchu. «Haba» lenyewe lina asili ya Kiarabu, kutoka neno lenye maana ya punje, kwa hiyo picha yake ni ya nafaka, si ya mbavu zinazohesabika. Mwanafunzi wangu aliandika «mshahara kiduchu», na ng'ombe wa aya iliyofuata akabaki amekonda.