Unataka kuwa mtafiti wa kichocho na matende? Anzia hapa hapa Pwani

Vijana wengi wa Mombasa wanadhani kusomea magonjwa ya vimelea lazima uende Liverpool au London. Shule za kule ni nzuri na za zamani, ya Liverpool 1898, ya London 1899, lakini maradhi yenyewe yako huku. Vuka feri Likoni, shika njia ya Msambweni ama Kinango, kichocho kiko mabwawani, na matende na mabusha yako Pwani nzima, hata Jomvu 2018 watu waligaiwa dawa aina 3 kwa mpigo kuyamaliza. Kwa hivyo kazi iko karibu na wewe, ni kujipanga tu.

Shuleni shika bayolojia na kemia, na usikimbie hesabu tafadhali, maanake utafiti ni takwimu sana. Chuo kiko TUM (Technical University of Mombasa) pale Tudor, kiko Pwani University Kilifi, soma sayansi ya maabara, zuolojia ama afya ya jamii. Ukianza na diploma pia sawa, utapanda. Ila kama ni kozi ya maabara uliza kwanza bodi ya maabara inaitambua ama vipi, uliza kabla hujalipa fizi.

Sasa lililo muhimu kuliko yote, jifunze kuhesabu mayai ya minyoo kwa darubini mpaka macho yazoee. Mkojo wa kichocho unachukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana kwa sababu ndio wakati mayai yanatoka kwa wingi, unautikisa vizuri, unavuta mililita 10 kwa sirinji, unazipitisha kwa filta, unaiweka filta kwa slaidi halafu unahesabu kila yai, na yai la kichocho cha mkojo utalijua kwa ule mwiba wake nyuma. Matende ni kinyume, vijidudu vyake vinajitokeza kwenye damu usiku, kwa hivyo kwa kipimo cha darubini damu inatolewa kuanzia saa nne usiku hadi saa nane usiku.

Hebu fikiria sasa, wewe mgeni unabisha hodi nyumba ya mtu usiku unataka damu! Hapo digrii haikusaidii. Pita kwa chifu, wazee wa mtaa, wahudumu wa afya wa kijiji, imamu na mchungaji pia, eleza kwa Kidigo ama Kiduruma kwa nini ni usiku na damu inaenda wapi, na mtu akikataa muache kwa heshima. Kuna wazazi huchukulia mtoto wa kiume kukojoa damu, ambayo ni dalili ya kichocho, kuwa ni dalili ya kukua, usiwacheke, kaa nao uwaeleze. Na majibu rudisha, wallahi hili linaniuma sana, watu wanatoa sampuli halafu hawasikii tena chochote na mtoto bado anaumwa. Aliyepatikana na ugonjwa apate dawa, panga hivyo kabla hujaanza.

Vibali usiruke, unahitaji kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na ruhusa ya kaunti, na zinachukua muda kwa hivyo anza mapema.

Ukiwa chuoni tafuta atachmenti KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, iko tangu 1979, na ule mradi wao wa Kilifi na Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, ulianza 1989 na umefundisha watafiti wengi. Jua pia kazi nyingi ni za kontrakti, pesa za mradi zikiisha na kazi inaisha, basi weka akiba na endelea kutuma maombi. Jifunze R, ni programu ya takwimu ya bure.

Ikifika masta na PhD, chagua swali moja la mahali unapopajua. Mfano, prazikwanteli, dawa ya kichocho, inaua mnyoo mkubwa lakini haimzuii mtoto kuambukizwa tena, akirudi bwawa lile lile lenye konokono wanaobeba vimelea anaupata ugonjwa upya. Je, ni bwawa gani, msimu gani, na akina mama wangefulia wapi kwingine? Hapo kuna masta nzima.

Ukimwandikia supavaiza, soma kwanza utafiti wake mmoja mpaka mwisho, kisha andika nusu ukurasa tu, sema umesoma nini, unajua kufanya nini kwa mkono wako, na swali lako ni lipi. Akinyamaza wiki mbili mkumbushe kwa adabu, wengi hujibu mara ya pili.