Namna ya Kulinganisha Gari la Umeme, la Haidrojeni na la Petroli Kabla ya Kununua

Anayetafuta gari siku hizi hutajiwa lita za petroli, uniti za umeme na kilo za haidrojeni, na kila muuzaji huchagua hesabu inayolipendezesha gari lake. Dawa yake ni kuzigeuza zote kuwa kitu kimoja: shilingi zinazokutoka kwa kila kilomita 100, kwenye barabara unazopita wewe, kwa nishati unayoweza kuipata karibu na kwako. Daftari moja na kikokotoo cha simu vinatosha kwa kazi hii.

Anza na petroli. Chukua gari ulilo nalo, au la ndugu aliye tayari kukuazima, ujaze tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, kisha uandike kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Endesha wiki nzima kama kawaida yako, foleni ikiwemo, halafu urudi kwenye pampu ileile ujaze tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia mara hii ndizo ulizotumia. Zigawe kwa kilomita ulizokwenda, kisha zidisha mara 100. Tuseme umepata lita 8. Bei usiikisie, kwa kuwa hutangazwa kila mwezi, Tanzania na EWURA na Kenya na EPRA, mamlaka zinazodhibiti nishati. Lita ikiwa shilingi 3,000 za Tanzania, kilomita 100 zimekugharimu 24,000.

Kwa umeme, toa risiti yako ya mwisho ya LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Ukiona imekatwa kodi ya jengo, iondoe kwanza, kisha gawa fedha iliyobaki, pamoja na VAT na tozo zake, kwa uniti ulizopewa; hiyo ndiyo bei yako halisi. Gari dogo la umeme hutumia uniti 15 hadi 18 hivi kwa kilomita 100, lakini umeme mwingine hupotea kama joto wakati wa kuchaji, kwa hiyo andika uniti 20. Uniti moja ikiwa shilingi 360, jumla ni 7,200. Tofauti hii kubwa ina sababu yake: injini ya petroli hutupa sehemu kubwa ya nishati kama joto, lile unalolisikia ukiweka mkono juu ya boneti, ilhali mota ya umeme hugeuza sehemu kubwa kuwa mwendo, na unapofunga breki hurudisha kiasi kwenye betri. Ndiyo maana foleni inayoliumiza gari la petroli hailiumizi sana gari la umeme.

Haidrojeni huvutia watu kwa sababu tangi lake hujaa kwa dakika tano hivi na gari hutoa mvuke wa maji tu. Toyota Mirai, kwa mfano, hubeba kilo 5.6 kwa mgandamizo wa takriban mara 700 ya hewa ya kawaida, na kilo moja humpeleka dereva kilomita 100 au zaidi kidogo. Lakini uliza kilo hiyo imetoka wapi. Kuitenga kutoka kwenye maji kwa umeme kunakula uniti 50 hivi, bado hujaibana wala kuisafirisha, na kwa uniti hizohizo gari la betri lingekwenda kilomita 250. Haidrojeni nyingi duniani haitokani hata na maji. Hutokana na gesi asilia, na kila kilo huacha angani kilo 9 au 10 za kaboni dioksaidi. Kisha uliza swali la kituo. Hata California, mahali palipowekeza mno katika teknolojia hii, kampuni ya Shell ilifunga vituo vyake vya haidrojeni vya magari madogo mwaka 2024. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa ninashauri bila kusita kwamba safu hii ya daftari ifungwe hapa.

Sasa linganisha bei ya kununulia. Umeme umekuokolea shilingi 16,800 kwa kila kilomita 100. Gari la umeme likizidi la petroli kwa shilingi milioni 10, mtu anayekwenda kilomita 1,000 kwa mwezi atairudisha tofauti hiyo kwa miaka mitano hivi, na dereva wa teksi anayekwenda kilomita 3,000 ataimaliza kwa miezi 20. Ongeza kwenye akiba hiyo ya umeme fedha za oili na plagi za injini ambazo hutazihitaji.

Hesabu yote hii huharibika ukinunua betri iliyochoka, na hapa ndipo nawasihi wanunuzi wasione haya kukagua. Nissan Leaf za mwanzo, zenye betri ya uniti 24, huonesha afya ya betri kwa vipande 12 vidogo pembeni mwa kipimo cha chaji. Likiwa jipya, toleo la 2011 lilipimwa Marekani kuwa na mwendo wa kilomita 117. Vikibaki vipande vinane, theluthi ya uwezo imekwisha, na gari hilo huenda lisitoke Kibaha kwenda Posta, katikati ya Dar es Salaam, na kurudi bila kuchajiwa njiani. Betri yake haina mfumo wa kuipoza, hivyo joto la pwani huizeesha haraka. Uliza pia kuhusu plagi: Leaf kutoka Japani huchajiwa haraka kwa plagi ya aina ya CHAdeMO, na kituo kilicho karibu nawe huenda kina aina nyingine, CCS2, pekee.

Mwisho, mwite fundi umeme aje nyumbani kabla gari halijafika. Soketi ya kawaida ikitoa ampea 10 huijaza betri ya uniti 24 kwa saa 10 au 11, usiku mzima bila kupumzika, na waya mwembamba au soketi iliyolegea huungua kwa mzigo wa namna hiyo. Mwambie apime waya wa ardhini, avute laini ya peke yake kutoka kwenye swichi kuu, na akukataze kutumia waya wa kuunganishia.