Kabla ya Kufunga Begi: Vipimo vya Mzigo wa Mkononi kwa Safari za Ndege Ndani ya Ulaya

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba Ulaya haina kipimo kimoja cha mzigo wa mkononi. Nchi nyingi zimeunganishwa kwa sarafu moja na mipaka iliyofunguliwa, lakini kila shirika la ndege limebaki na vipimo vyake, na hata ndani ya shirika hilo hilo abiria wawili waliokaa kiti kwa kiti wanaweza kuwa na haki tofauti kwa sababu walilipa nauli za aina tofauti. Kwa hiyo maandalizi yanaanzia kwenye tiketi. Soma kilichoandikwa chini ya nauli uliyoinunua, kisha ndipo uchague begi litakalotosha humo.

Mashirika ya bei nafuu hutoa bure begi moja tu, lile la kusukumwa chini ya kiti cha mbele. Ryanair, Wizz Air na Vueling wanaruhusu sentimita 40 kwa 30 kwa 20, yaani ujazo wa lita 24, ambao ni begi la mgongoni la mwanafunzi na si zaidi. EasyJet wana ukarimu kidogo: 45 kwa 36 kwa 20, na uzito usiozidi kilo 15. Begi la magurudumu ambalo wengi wetu tunaliita la mkononi huwa halimo katika nauli ya chini ya mashirika hayo, na ni lazima lilipiwe. Mashirika makubwa kwa kawaida huruhusu begi hilo pamoja na mkoba mdogo, ila nayo hayafanani: Lufthansa hutaka 55 kwa 40 kwa 23 na kilo 8, KLM na Air France, katika nauli nyingi za daraja la kawaida, hutaka 55 kwa 35 kwa 25, na begi na mkoba kwa pamoja visizidi kilo 12, British Airways hufika 56 kwa 45 kwa 25 na kilo 23. Takwimu hizi nazo hubadilika. Ryanair walikuwa wakiruhusu 40 kwa 25 kwa 20 hadi mwaka 2025 walipoongeza sentimita tano upande mmoja. Ushauri wa ndugu aliyesafiri miaka miwili iliyopita, hata uwe wa nia njema kiasi gani, hautoshi. Fungua ukurasa wa shirika lenyewe siku unayonunua tiketi, na uufungue tena siku chache kabla ya safari.

Wasafiri wanaotoka Afrika Mashariki wanastahili kulitazama jambo hili kwa makini zaidi, kwa kuwa mara nyingi safari yao ina tiketi mbili. Mtu huondoka Nairobi na Kenya Airways, ambako daraja la kawaida huruhusiwa kilo 12 mkononi, akiwa pia na sanduku kubwa la kilo 23 lililopokelewa kaunta, akafika Paris au Amsterdam, kisha siku ya tatu akachukua ndege ya bei nafuu kwenda Barcelona au Milano kwa tiketi aliyoinunua kando kwa sababu bei ilionekana rahisi mno. Tiketi ya pili haijui lolote kuhusu ile ya kwanza. Sanduku lililosafiri bila malipo ya ziada kutoka Nairobi sasa linapaswa kulipiwa upya, na begi la mkononi lililokubaliwa huko halikubaliki huku. Kama safari zote mbili zingekuwa katika tiketi moja, kwa kawaida haki ya mzigo ingefuata mpaka mwisho. Basi unapolinganisha bei, jumlisha nauli na gharama ya mzigo kwa kila ndege, kwenda na kurudi, ndipo useme ipi ni nafuu. Mwenye mwenyeji katika mji aliofikia anaweza kuliacha sanduku kubwa hapo na kuendelea na begi dogo. Naona hii ndiyo njia bora kuliko zote kwa anayezunguka miji kadhaa na kurejea alikotoka.

Kupima nako kuna adabu yake. Tumia tepu ya fundi cherehani au rula ndefu, na pima begi likiwa limejaa na limefungwa, kwa maana begi la kitambaa huvimba mbele likijazwa na kuzidi kina chake kwa sentimita kadhaa. Magurudumu na vishikio vinahesabiwa. Lebo ya dukani inayodai kwamba begi linafaa kwa ndege isikutulize, kwa sababu muuzaji hajui utapanda ndege ya nani, na mara nyingi hupima sanduku lenyewe bila magurudumu. Kwa kipimo cha chini ya kiti, begi laini lisilo na magurudumu ni chaguo la busara, kwani hujikunja likabanwa ndani ya kisanduku cha kupimia kinachowekwa kwenye lango la kupandia ndege, ilhali begi gumu lililozidi kwa sentimita moja tu hukwama.

Ukali wa langoni una sababu. Boeing 737-800 ya Ryanair ina viti 189, na makabati ya juu hayawezi kubeba begi la magurudumu la kila abiria. Ndege nayo inatakiwa iondoke tena takriban dakika 25 baada ya kutua. Lakini kuna sababu ya fedha pia, na ni haki msafiri aijue. Mwaka 2025 Ryanair ilitangaza kwamba mfanyakazi atalipwa yuro 2.50 badala ya 1.50 kwa kila begi lililozidi atakalolikamata, na abiria mwenye begi hilo anaweza kutozwa hadi yuro 75. Kiasi hicho mara nyingi kinazidi nauli yenyewe. Kununua nafasi ya begi kubwa wakati wa kukata tiketi huwa na bei ya chini. Bei hupanda kadiri siku zinavyosogea, na langoni ndiko ghali kupita kote. Ukiwa na shaka hata kidogo kwamba begi halitatosha, lipia mapema.

Yaliyomo ndani yana sheria nyingine, ambayo ni ya usalama wa kiwanja na si ya shirika. Tangu Novemba 2006 vimiminika huwekwa katika vyombo visivyozidi mililita 100, vyote ndani ya mfuko mmoja wa lita moja wa plastiki inayoonyesha vilivyomo ndani. Kinachotazamwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani yake. Chupa ya mililita 200 yenye vijiko viwili vya mafuta itatupwa. Asali, siagi ya karanga, samli, achari na mafuta ya nazi yaliyoganda vyote vinahesabiwa pamoja na vimiminika, jambo linalowaumiza wanaowapelekea jamaa zawadi za nyumbani. Dawa na maziwa ya mtoto hupewa nafasi ya pekee, mradi uvitoe na kuvionyesha. Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya za ukaguzi vimelegeza kanuni hii, lakini kiwanja cha kurudia huenda hakijalegeza, kwa hiyo jiandae kwa kanuni ya kile kilicho kikali zaidi.

Pawabenki, yaani chaja za kubebea zenye betri, na betri za akiba haziruhusiwi kwenda tumboni mwa ndege, hukaa nawe. Zisizozidi wati-saa 100 (Wh, kipimo cha nishati ya betri), ambazo ni kama miliampia-saa 27,000 (mAh) kwa betri ya kawaida, hazina tatizo kwenye ukaguzi wa usalama. Hadi 160 huhitaji idhini ya shirika, na zaidi ya hapo hukataliwa. Hapa pana hatari ambayo wengi hawaifikirii. Begi lako likichukuliwa langoni kwenda chini, vilivyomo huenda navyo. Kwa hiyo funga pasipoti, dawa, fedha, funguo, kompyuta na pawabenki katika mfuko mdogo mmoja ulio juu kabisa, ili uweze kuuchomoa kwa mara moja bila kutawanya nguo mbele ya foleni.

Je, sheria haimlindi msafiri? Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Vueling, ilisema mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya safari na usitozwe, mradi uwe na uzito na vipimo vya kiasi. Kipi ni cha kiasi haikutaja, na mzozo wote umejificha hapo. Novemba 2024 Uhispania iliyapiga mashirika matano faini ya jumla ya yuro milioni 179 kwa desturi kama hizi, nayo yakapinga. Naunga mkono madai ya abiria kwa moyo wote, lakini hoja ya kisheria haiwezi kushinda foleni ya langoni. Ukitozwa usivyostahili, piga picha ya begi likiwa ndani ya kisanduku cha kupimia, lipa, tunza risiti, kisha wasilisha malalamiko kwa maandishi kwa shirika, na likikataa, kwa mamlaka ya walaji ya nchi ulikoondokea.

Mwisho, fikiria kurudi kabla hujaondoka. Begi lililojaa pomoni wakati wa kwenda halina mahali pa viatu ulivyonunua Lisbon wala jaketi ulilopewa na shemeji. Acha robo ya begi tupu, au nunua nafasi ya begi kubwa kwa safari ya kurudi pekee, kwani mashirika mengi hukuruhusu kulipia upande mmoja.