Kabla ya Kulipia Sola Lamu au Malindi: Namna ya Kuipima Bei Unayotajiwa

Muuzaji wa sola huja na tarakimu mbili: bei ya mtambo na miaka utakayodumu. Huzigawanya, kisha akakwambia uniti moja (kilowati moja kwa saa moja) itakugharimu kama shilingi 4. Hesabu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imeacha betri, imeacha chumvi ya bahari, imeacha riba ya mkopo, na imechukulia kwamba kila uniti itakayozalishwa utaitumia. Jua halina bili. Vyombo vya kulikusanya, kulihifadhi na kulifikisha kwenye soketi vina bili, tena bili inayorudi kila baada ya miaka kadhaa. Anayemiliki nyumba, duka au gesti Lamu au Malindi anaweza kuipima bei mwenyewe kwa karatasi na kalamu, kabla hajatoa hata shilingi.

Anza na tokeni

Kusanya tokeni zako za miezi 3. Jumlisha pesa zote ulizolipa, jumlisha uniti zote ulizopata, kisha gawa pesa kwa uniti. Hiyo ndiyo bei yako halisi ya stima, kwa sababu ndani yake mna gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, asilimia 5 ya mpango wa umeme vijijini na VAT ya asilimia 16. Bei inayotajwa redioni mara nyingi ni ya msingi tu, na ukiitumia utajidanganya.

Hapo hapo angalia wastani wako wa mwezi. Nyumba huwekwa katika kundi la bei kwa wastani wa miezi 3: hadi uniti 30, kati ya 30 na 100, au zaidi ya 100. Aliyevuka 100 hutozwa kiwango cha juu kwa uniti zake zote. Weka alama hapo, kwani ndipo pesa nyingi zinapookolewa.

Orodhesha vyombo, mchana mbali na usiku mbali

Chukua nyumba ya kawaida ya Langoni, Lamu. Friji hula uniti 1.2 kwa siku. Feni 3 za wati 60 kwa saa 10 ni uniti 1.8. Taa 8 za wati 9 kwa saa 5 ni 0.36, televisheni ni 0.4, pampu ya maji ya wati 750 kwa saa moja ni 0.75, na ruta ya intaneti ni 0.29. Jumla ni uniti 4.8. Katika hizo, kama 3.3 zinatumika jua likishazama, maana feni ni za kulalia na friji hailali. Muuzaji asiyekuuliza swali la usiku hajakupimia kitu. Amekuletea kifurushi alichonacho dukani.

Paneli hupimwa kwa msimu mbaya. Pwani hii mwaka mzima hutoa wastani wa karibu saa 5.5 za jua kamili kwa siku, lakini masika yakishika, mwezi wa tano hasa, hesabu 4.5. Kisha toa robo nzima: paneli hupoteza kama asilimia 0.35 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila digrii juu ya 25, na juu ya dari ya Lamu saa saba mchana kioo hufika digrii 60. Vumbi, waya na inveta, chombo kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa soketi, navyo huchukua chao. Kwa hiyo uniti 5 ukigawa kwa 4.5, ukagawa tena kwa 0.75, unapata kilowati 1.5. Paneli 3 za wati 550 zinatosha. Ukiuziwa 6, uliza za nini.

Pima pia njia. Paneli ya wati 550 ina urefu wa kama mita 2.3 na uzito wa karibu kilo 28. Kuna ngazi za nyumba za mawe Mkomani ambazo haipiti kona yake, na ikilazimishwa, seli hupata nyufa zisizoonekana kwa macho. Zikivushwa kutoka Mokowe kwa boti, zisimamishwe wima juu ya godoro. Usitie sahihi ya kupokea kabla ya kuipima kila moja kwa mita ya volti juani.

Angalia kivuli saa 3 asubuhi, saa 6 na saa 9 alasiri. Kona moja ya paneli ikifunikwa na makuti ya jirani, mstari mzima hudhoofika. Na jirani akiongeza ghorofa mwakani, hakuna atakayekurudishia jua lako. Ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulio katika Urithi wa Dunia tangu 2001, peleka ombi kwa Makumbusho ya Kitaifa kabla ya kununua. Usifunge paneli wala kupitisha waya zake ndani ya makuti: cheche moja ya umeme wa DC, ule utokao kwenye paneli, haijizimi, na moto wa makuti hauna wa kuuzuia.

Betri ndipo bei inapojificha

Kwa uniti 3.3 za usiku, betri ya lithiamu unayoitumia hadi asilimia 80, ukihesabu na inveta inayopoteza asilimia 10, inapaswa kuwa na takribani uniti 4.6. Ya volti 51.2 na ampea-saa 100, yaani uniti 5.1, inafaa. Za asidi hazipaswi kushuka chini ya nusu, hivyo utahitaji uniti 7.3: betri 4 za volti 12, ampea-saa 200, kwa kuwa tatu hazigawiki katika mfumo wa volti 24.

Za asidi zinaonekana rahisi siku ya kununua. Maisha yaliyoandikwa juu yake yamepimwa kwenye joto la digrii 20 hadi 25, na kila joto likipanda kwa kama digrii 10, maisha hayo hukatika nusu. Chumba cha ngazi kisicho na dirisha wakati wa kaskazi kinazimaliza kwa miaka 2 au 3. Ukichagua hizo, andika kwenye hesabu yako kwamba utazinunua tena mara 6 hadi 9 katika miaka 20. Lithiamu ihesabie miaka 10, hata kama karatasi inasema mizunguko 6,000 na muuzaji anasema 16.

Chumvi

Hapa ndipo mitambo mingi ya pwani inapofia, na ndipo nukuu nyingi za bei zilizoandikwa na watu wa bara zinapopotea. Kusi huleta ukungu wa chumvi kutoka baharini, na nyumba za Shela na za ufukweni Malindi huupokea moja kwa moja.

Dai paneli zenye cheti cha IEC 61701, ambacho ni cha ukungu wa chumvi. Fremu ya kushikilia iwe ya alumini. Vyuma vya kuchomelea vilivyopakwa rangi huanza kutu kwenye kiungo katika msimu wa kwanza. Boliti ziwe za chuma cha pua daraja la 316, zenye chapa A4 kichwani. Zenye A2 hutoa kutu nyekundu, na boliti ya chuma cha kawaida ikigusana na alumini huila alumini yenyewe hadi tundu lipanuke na paneli ianze kucheza kwenye upepo. Viunganishi vya waya viwe vya kampuni moja, dume na jike. Vya kampuni mbili huingiana lakini havikamatani vizuri, hupata joto, huyeyuka.

Inveta yenye feni huvuta hewa ya chumvi hadi kwenye bodi. Chagua iliyozibwa, IP65, na uifunge ukuta wa ndani penye hewa. Kusafisha ni alfajiri, kioo kikiwa baridi, kwa maji ya mvua. Maji ya kisima ya Lamu mengi yana chumvi na huacha utando mweupe ulio mbaya kuliko vumbi lenyewe.

Sasa piga hesabu yote

Tuchukue mtambo uliotajiwa KSh 320,000. Tarakimu ni za mfano. Badilisha uweke zako. Kwa miaka 20 ongeza inveta 2 za kubadilisha, 140,000. Betri 1 ya lithiamu, 130,000. Usafi na fundi, 5,000 kwa mwaka, yaani 100,000. Jumla ni 690,000. Uniti utakazotumia kwelikweli, ukitoa siku za mawingu, ni kama 4.5 kwa siku, sawa na 32,850 kwa miaka 20. Bei yako ni shilingi 21 kwa uniti.

Muuzaji aligawa 320,000 kwa uniti 82,800: kilowati 1.65, saa 5.5, siku 365, miaka 25, bila kupoteza hata chembe. Akapata 3.86. Na kama zile 320,000 ni mkopo wa miaka 3 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka kwenye deni linalopungua, utalipa karibu 85,000 zaidi, na uniti itafika shilingi 23.60.

Linganisha na bei uliyoipata kwenye tokeni. Kwa aliye chini ya uniti 100, tofauti inaweza kuwa ndogo hata isistahili taabu. Kwa gesti yenye viyoyozi vya mchana mambo ni mengine, kwani umeme unatumika jua likiwaka na betri inahitajika kidogo tu. Na kwa nyumba isiyo na nguzo ya stima karibu, mlinganisho wako ni lita za petroli za jenereta, na sola hushinda bila ubishi.

Kuna njia ya katikati ambayo wauzaji hawaisemi kwa kuwa faida yake ni ndogo kwao: paneli bila betri. Katika mfano wetu, pampu, ruta na friji ya mchana ni uniti 1.5. Ukizitoa, nyumba ya uniti 144 kwa mwezi inashuka hadi kama 99, na pampu ikiwashwa mchana siku zote unaingia kundi la bei ya chini kwa uniti zote zilizobaki. Jua mambo mawili. Inveta ya aina hii huzima stima ikikatika, kwa usalama wa mafundi wa laini, kwa hiyo haikuondolei giza. Pia zipo mita za tokeni zinazohesabu umeme unaorudi kwenye laini kana kwamba umeutumia, basi fundi afunge kidhibiti cha kuzuia umeme usirudi. Kanuni za 2024 zinaruhusu kurudisha ziada kwenye laini, lakini kwa kila uniti 2 unazorudisha unahesabiwa 1. Anayekwambia mtambo mkubwa utajilipa kwa kuuza ziada mwonyeshe hilo. Fundi mwenyewe aonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ya daraja linaloruhusu kazi hiyo.

Miradi mikubwa ipimwe vivyo hivyo

Baraza likiitwa kuhusu mradi wa upepo au jua, uliza kwanza nani analipia umeme usiotumika. Katika mradi wa Ziwa Turkana, ulioko Marsabit, mitambo 365 ya upepo ya jumla ya megawati 310 ilikamilika 2017 na laini ikaunganishwa mwaka uliofuata. Katikati hapo Kenya ilibeba faini kwa umeme ambao haukufika popote. Uliza mkataba ni wa shilingi au fedha za kigeni, kwani shilingi ikishuka, tofauti inakuja kwenye tokeni yako. Uliza saa. Mtambo wa jua wa Langobaya, Malindi, wa megawati 40, unasaidia mchana, ilhali watu huwasha kila kitu saa 1 hadi saa 3 usiku. Uliza hati ya ardhi: 2021 mahakama ilikuta hati za ardhi ya mradi wa Turkana zilipatikana isivyo halali, na mradi wa upepo wa Kinangop, megawati 60, ulifutwa 2016 baada ya wenyeji kupinga.

Maswali hayo hayo waulize wa makaa ya mawe na dizeli. Kituo cha makaa ya mawe kilichopangwa Kwasasi, Lamu, cha megawati 1,050 nacho kingetoza malipo hata kikilala, na leseni yake ya mazingira ilifutwa na mahakama maalumu ya mazingira mwezi wa Juni 2019. Bei ya stima ni moja nchi nzima, kwa hiyo dizeli inayochomwa kwenye vituo visivyo na gridi hugawiwa kila mwenye mita.

Usiridhike na majibu ya mdomo. Omba nakala ya tathmini ya athari za mazingira, andika maswali kwa barua yenye tarehe, na uiwasilishe NEMA, mamlaka ya mazingira, ukabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Leseni ikishatolewa, muda wa kukata rufaa kwenye mahakama hiyo ya mazingira ni siku 60.