Somo: Oksijeni ya uhakika hospitalini, hesabu kwanza kabla ya kuomba mtambo

Ndugu waganga wafawidhi, wauguzi na mafundi wa vifaa tiba, hospitali nyingi za wilaya huanza kwa kuandika barua ya kuomba mtambo wa kuzalisha oksijeni. Anzeni na wagonjwa.

Hatua ya 1: Jueni mnahitaji kiasi gani.
Kila anayelazwa apimwe kwa oksimita ya kidoleni; oksijeni katika damu ikiwa chini ya asilimia 90, anahitaji oksijeni. Msitegemee daftari la mitungi, maana linaonyesha mlichokuwa nacho tu. Waliokosa hawamo.

Tuseme siku yenye msongamano mna watu wazima 4 wanaotumia lita 5 kwa dakika, na watoto 6 wa lita 1. Jumla ni lita 26 kwa dakika, yaani lita 37,440 kwa siku. Mtungi mkubwa hubeba takribani lita 6,800, kwa hiyo mtamaliza mitungi 6 kila siku. Je, gari la kuifuata lipo? Na masika barabara inapitika? Hapo ndipo mtajua kama mitungi peke yake inatosha.

Hatua ya 2: Changanyeni vyanzo.
Konsentreta, yaani mashine ndogo ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani, inafaa wodi ndogo. Mtambo unavuta hewa ya kawaida, ziolaiti (punje za madini zilizo ndani yake) inanasa naitrojeni, na inayotoka ni oksijeni ya karibu asilimia 93. Oksijeni ya kimiminika ni nyingi mno (lita 1 hutoa gesi lita 860 hivi), lakini huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, kwa hiyo inataka tangi maalumu. Chochote mtakachochagua, mitungi ya akiba ibaki.

Hatua ya 3: Umeme na matunzo.
Hapa ndipo mitambo inapofia. Ziolaiti ikipata unyevu inaharibika, na huku kwetu pwani unyevu hauna likizo. Kikaushio cha hewa kikaguliwe, vichujio vibadilishwe kwa ratiba, chumba cha kompresa kipitishe hewa. Bajeti ya vipuri, mafuta ya jenereta na mshahara wa fundi iandikwe mwaka uleule wa ununuzi. Mfadhili akitoa mtambo bila hivyo, mwambieni wazi kwamba msaada haujakamilika.

Hatua ya 4: Ifike kitandani.
Mabomba, mita za mtiririko na mipira ya puani, pamoja na ya watoto wachanga. Vali isiguswe kwa grisi wala mafuta: hulipuka moto.

MASWALI

Mwalimu, mtungi mkubwa unamfaa mtu mzima mmoja kwa muda gani?
Kwa lita 5 kwa dakika, chini kidogo ya saa 23 ukiwa umejaa. Ubadilisheni kabla haujaisha.

Kaka, umeme ukikatika usiku konsentreta inazima. Tufanyeje?
Mtungi uliokwisha kufungwa regyuleta (kifaa cha kupunguza presha ya gesi) ukae wodini, si stoo yenye kufuli ambayo ufunguo anao mtu aliyekwenda kulala. Muuguzi wa zamu afanye mazoezi ya kuhamisha mgonjwa.

Tukipungukiwa, mitungi ya mafundi wa kuchomelea inafaa?
Hapana, dada. Haikusafishwa wala kukaguliwa kwa ajili ya mgonjwa. Afadhali muwe na makubaliano ya maandishi na hospitali jirani ya kuazimana mitungi, na mkague mapema kama regyuleta zenu zinaingia kwenye vali zao.