Jinsi ya Kutazama Filamu za Nchi za Barafu: Mtafute Kwanza Mshika Kamera

Mtu anayetaka kutazama filamu za watu waliosafiri na kunusurika katika ncha za dunia, naye hataki kuishia kuustaajabia weupe wa theluji tu, ajizoeze kuuliza swali moja kila mandhari inapobadilika: hapa kamera ilisimama wapi, na ni nani aliyeibeba? Mahali ambapo kila kilo inayoburutwa juu ya barafu hulinganishwa na chakula na mafuta, kamera huwa miongoni mwa mizigo ya mwanzo kutupwa. Ndiyo maana sehemu ngumu kabisa ya safari, mara nyingi, ndiyo isiyo na picha.

Filamu inayofaa kuanzia ni South ya mwaka 1919, iliyopigwa na Mwaustralia Frank Hurley katika msafara wa Ernest Shackleton wa kwenda Antaktika, bara la barafu la kusini. Meli yao, Endurance, ilinaswa na barafu ya Bahari ya Weddell mnamo Januari 1915, ikabanwa hadi mbao zake zikavunjika, ikahamwa tarehe 27 Oktoba na kuzama tarehe 21 Novemba. Usiipite haraka sehemu ambayo milingoti inaanguka. Itazame mara mbili, na mara ya pili iache meli, umfikirie Hurley: amesimama juu ya barafu ileile inayoivunja meli, anazungusha kishikio cha kamera kwa mkono, tena kwa mwendo usiobadilika, kwa sababu akiharakisha au akisita picha itaharibika.

Siku chache baada ya meli kuhamwa, ikiwa haijazama bado, Hurley alivua nguo za juu akazama ndani ya maji ya barafu yaliyojaa tumboni mwa meli, akatoa makasha yenye negativu zake za vioo. Kisha yeye na Shackleton wakaketi kuzichagua. Zipatazo 120 zilibakizwa, na kama 400 zikavunjwa palepale ili asishawishike kuzirudia. Filamu iliyokwisha kupigwa ilihifadhiwa, lakini kamera ya sinema iliachwa, akabaki na kamera ndogo ya mfukoni na roli tatu za filamu.

Hapo mtazamaji aweke alama, maana baada ya hapo hakuna tena picha zinazotembea za wanaume hao 28 wakipambana. Safari ya mashua hadi Kisiwa cha Elephant haikupigwa filamu. Wala ile ya watu sita walioondoka tarehe 24 Aprili 1916 kwa mashua iitwayo James Caird kutafuta msaada, wakavuka takriban kilomita 1,300 za bahari chafu hadi kisiwa cha South Georgia. Wala ile siku ya tarehe 30 Agosti, meli ya Chile iitwayo Yelcho ilipowachukua waliobaki Kisiwa cha Elephant. Angalia pengo hilo linavyozibwa: kwa picha mnato, na kwa wanyama na ndege ambao Hurley alirudi South Georgia kuwapiga mwaka 1917, wenzake wakiwa wamekwisha kuokolewa. Wapo wanaoona kwamba wamedanganywa. Mimi naona pengwini hao ni ushahidi wa aina yake, kwa kuwa wamekaa mahali hasa ambapo njaa ilikuwa.

Ukimaliza hiyo, tazama The Great White Silence ya mwaka 1924, ya Herbert Ponting, aliyefuatana na msafara wa Mwingereza Robert Scott wa kwenda Ncha ya Kusini. Ponting ndiye aliyesimulia kwamba siku moja ulimi wake uligusa chuma cha kamera, ukaganda hapohapo, na ngozi ya ncha yake ikabaki kwenye kamera alipoung'oa. Hata hivyo, hakwenda na Scott hadi Ncha ya Kusini. Ile sehemu ambayo Scott, Wilson, Bowers na Edgar Evans wanaonekana hemani wakipika na kujiingiza kwenye mifuko ya kulalia ni maonyesho waliyomfanyia kabla ya safari kuanza. Itazame ukijua kwamba wote wanne walifia njiani wakirudi mwaka 1912, na utaona hema lile kwa macho mengine.

Katika hema hilo kodolea macho jiko. Ni jiko la mafuta ya taa la kupampu, jamaa wa yale yaliyounguruma jikoni kwa bibi zetu, na uhai wote ulilitegemea: huko maji yapo kila mahali lakini yameganda, hivyo mafuta yakiisha, kiu huanza pamoja na baridi. Scott na wenzake walikuta makopo ya mafuta kwenye bohari zao za njiani yamepungua.

Kipimo hichohicho kitakufaa kwa filamu za kuigiza. Uliza shujaa anapata wapi maji ya kunywa. Kama anabugia theluji siku nzima bila kudhurika, mwandishi hakujishughulisha. Tazama kama pumzi inatoa mvuke, na kama mtu anayekimbia sana analegeza nguo zake, kwa sababu jasho likilowesha nguo za ndani ndilo litakalomgandisha akisimama. Tazama pia anavyoshika chuma kwa mkono mtupu.

Usiwasahau wenyeji, kama Wainuiti, ambao kwao Aktiki, eneo la barafu la kaskazini, ni nyumbani. Katika Nanook of the North ya mwaka 1922, Robert Flaherty alijengesha nyumba ya theluji kubwa kuliko kawaida, yenye upande ulioachwa wazi ili mwanga uingie, na mhusika mkuu, ambaye jina lake halisi lilikuwa Allakariallak, aliwinda kwa silaha za kale wakati bunduki zilikuwa zimekwisha kufika. Linganisha na Atanarjuat ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Mwinuiti Zacharias Kunuk na kuzungumzwa Kiinuktitut, ambamo mwanamume anakimbia uchi juu ya bahari iliyoganda akiwakwepa wauaji. Majina ya washiriki yanapoanza kupita mwishoni, usiinuke: hapo wanaonyeshwa watengenezaji wenyewe wakiwa kazini juu ya barafu, na kamera zao.